Injini Mpya Ndani ya Gari la Zamani: Anza na Breki



Toleo hili nawaandikia jambo ambalo darasa la wakubwa wamelidai tangu muhula uanze. Vijana wetu wengine wanakaribia umri wa kuendesha gari, na wengine wameshapata leseni. Ikipita Chevelle au Mustang ya zamani inanguruma nje ya dirisha, somo husimama dakika tano. Na akina baba wanaosubiri watoto kwenye maegesho, nimewasikia, mazungumzo yao ni hayo hayo. Swali lao ni hili: inakuwaje gari la mwaka 1970 liwe na injini ya juzijuzi, liwake asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na je, mtu wa kawaida anaweza kulitengeneza nyumbani kwake?

Anaweza. Mume wangu na mdogo wake walitengeneza Chevelle ya mwaka 1970 katika gereji ya nyumbani kwetu. Iliwachukua miaka mitatu ya jioni na wikendi, nami nilikuwa mshika taa. Mimi ni nesi, si fundi, lakini watu walioumia barabarani nimewahudumia kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo gari la namna hii siliangalii kwa mlio wake tu. Makala hii inaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, na ina neno moja kubwa la kushika: nguvu huja mwisho. Kinachotangulia ni uwezo wa gari kusimama, kushika barabara na kumlinda aliyemo ndani.

MAGARI HAYA YALITOKA WAPI

Waamerika huyaita magari ya misuli. Hayakuwa magari ya kifahari. Yalikuwa magari ya kawaida, mengi ya milango miwili, yaliyopewa injini kubwa kupita matarajio. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imeweka kikomo cha injini kwa magari yake ya ukubwa wa kati: inchi za ujazo 330, basi. Wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa mmoja wao, wakapata upenyo. Wakachukua injini ya silinda nane ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa, wakaiweka ndani ya Tempest, na kuiuza kama nyongeza ya hiari badala ya kuitangaza kuwa gari jipya. Kwa hiyo gari la misuli lenyewe lilizaliwa kwa kuhamisha injini. Wanaofanya hivyo leo wanafuata nyayo za wakubwa wao.

Ford, Dodge, Plymouth na Chevrolet nao wakaingia uwanjani. Kilele kilikuwa kama mwaka 1970. Baada ya hapo bima za magari haya zilipanda, sheria za hewa safi zikabana, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Magari yenyewe yakabaki vibarazani, kwenye mabanda ya mashambani na kwenye kumbukumbu za watu.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatushangai kusikia injini imehamishwa. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utakuta mafundi wanaofanya kazi hiyo bila makeke. Tofauti ni sababu. Nyumbani injini hubadilishwa kwa kuwa ya kwanza imekufa na spea zake hazipatikani, au zinapatikana kwa bei ya kuumiza. Huku Marekani wengi hufanya kwa mapenzi: wanataka umbo la gari la utotoni mwao, au la utotoni mwa baba zao, lakini hawataki gari la spana mkononi.

KWA NINI INJINI MPYA

Injini ya zamani hulishwa petroli na kabureta. Kabureta ni kifaa cha werevu, lakini hakijui kama leo kuna baridi au joto, wala kama uko bondeni au mlimani. Hurekebishwa kwa bisibisi na sikio la fundi. Injini ya sasa ina kompyuta inayosoma joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia na oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kisha hupima petroli ya kila silinda mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana huwaka vizuri, hunywa mafuta kidogo na haitoi moshi wa kukohoza jirani.

Kwa Chevelle na ndugu zake, injini inayopendwa zaidi ni ya ukoo uitwao LS. Ilianza na LS1 ya lita 5.7 ndani ya Corvette ya mwaka 1997. Miaka miwili baadaye ndugu zake, wenye bloku za chuma, waliwekwa kwenye malori madogo ya Chevrolet na GMC. Hapo ndipo mwenye mfuko mdogo anapopatia nafasi. Malori hayo yalitengenezwa kwa wingi sana, hivyo injini yao ya lita 5.3, yenye nguvu farasi kati ya 270 na 295 kutegemea mwaka, hupatikana kwenye majalala ya magari. Mwenye uwezo zaidi hununua LS3 mpya kabisa ya lita 6.2, yenye nguvu farasi 430.

Sifa nyingine ya LS ni umbo. Kemshafti yake moja imekaa ndani ya bloku, kwa hiyo injini ni nyembamba na huingia chini ya boneti bila ugomvi. Mwenye Mustang ya miaka ya 1960 anayetaka injini ya Ford ya lita 5.0 iliyotoka kwenye Mustang ya 2011 ana kazi kubwa zaidi. Ile ina kemshafti nne juu ya vichwa vyake, ni pana, na mara nyingi kuta za shokapu ndani ya boneti hulazimika kukatwa na kuundwa upya. Pima upana kabla hujatoa pesa.

Tahadhari moja kuhusu namba. Hadi 1971 makampuni ya Marekani yalitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake kwenye stendi, bila mizigo kama feni na bila mfumo kamili wa eksozi wa barabarani. Kuanzia magari ya 1972 walitangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Kwa hiyo nguvu farasi 300 za kijitabu cha 1970 ni chache kuliko 300 za leo. Kijana anayesema, “Naongeza kidogo tu,” pengine anaongeza nyingi sana.

KULICHAGUA GARI

Adui wa kwanza ni kutu. Rangi inayong’aa isikudanganye. Rangi ni nguo. Angalia sakafu chini ya mazulia, ndani ya buti, chini ya kioo cha nyuma, na chesisi karibu na magurudumu ya nyuma. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Pale inapokataa kushika, ujue chini ya rangi kuna puti, si bati. Injini mbovu utaitoa hata hivyo, kwa hiyo isikutishe. Chesisi iliyooza ndiyo ya kukimbiwa.

Chagua gari ambalo injini yake ya kiwandani ilishaondoka zamani. Gari adimu ambalo bado lina injini na gia boksi zake za kuzaliwa lina thamani kwa wakusanyaji, na ukilikata umepoteza kitu kisichorudi. Hakikisha pia hati ya umiliki ipo na namba yake inalingana na ile ya kibati kilichopigwa ribiti kwenye dashibodi. Kibati hicho usikiguse. Kukibadilisha au kukihamisha kwenye gari jingine ni kosa la jinai.

BREKI KABLA YA YOTE

Mwanetu, aliyekuwa na miaka 14, aliwahi kuuliza, “Baba mdogo, kwa nini hatuanzi na injini?” Shemeji yangu akamjibu bila kuinua kichwa, “Mwanangu, tukishaiweka injini tutatamani kuliendesha. Na gari lisilo na breki haliulizi wewe ni mtoto wa nani.”

Chevelle nyingi za wakati ule zilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Ndani ya dramu, vipande viwili vilivyopinda husukumwa kugusa ukuta wa ndani. Ukikanyaga mara moja, vinashika. Ukikanyaga mara kadhaa kwa nguvu, joto hukosa pa kutokea, na breki hulegea kama mkono uliochoka. Diski iko wazi kwenye upepo, hivyo hupoa upesi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuweka diski, angalau mbele, maana gari likisimama ghafla uzito wote hukimbilia mbele.

Kuna hesabu hapa ambayo wanafunzi wa fizikia wanaijua. Nishati ya gari linalotembea huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka maili 30 kwa saa hadi 60, hujaongeza kazi ya breki mara mbili. Umeiongeza mara nne. Injini mpya itakufikisha 60 upesi kuliko ile ya kwanza, na breki ndizo zitakazolipa deni.

Angalia pia masta silinda. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 mengi yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba likitoboka popote, breki zote nne zimekwenda. Tangu 1968 sheria ya Marekani inataka njia mbili zilizotenganishwa, ili moja ikifa nyingine isimamishe gari. Kama gari lako ni la zamani kuliko hapo, badilisha masta silinda hata kama injini hutaibadilisha kamwe.

MWILI WA ALIYEMO NDANI

Hapa naomba mnisikilize kama nesi. Mkanda wa kiunoni peke yake humwacha mtu akunjike katikati wakati wa mgongano, na nguvu yote huishia tumboni na kwenye uti wa mgongo. Mkanda unaopita kiunoni na begani kwa pamoja, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, huigawa nguvu hiyo kwenye nyonga na kifua, mahali penye mifupa ya kuistahimili. Katika Chevelle ya 1970 mkanda wa begani wa kiti cha mbele ni kipande cha peke yake kinachoning’inizwa kwenye dari, na watu hawakukivaa. Nyuma kuna wa kiunoni tu.

Weka mikanda kamili mbele na nyuma. Bolti zake zishike kwenye chuma kilichoimarishwa kwa bamba, si kwenye bati jembamba, kwa sababu bati hupasuka kama karatasi siku unapolihitaji. Kumbuka pia kwamba magari haya hayana vishikizo maalumu vya kiti cha mtoto vilivyokuwa lazima Marekani mwaka 2002. Kama huna njia ya uhakika ya kufunga kiti cha mtoto, mtoto asipande. Litakuwa gari la watu wazima, na hakuna aibu.

Mambo mengine mawili. Magari ya kabla ya 1967 mengi yana mhimili wa usukani wa chuma kigumu, usiojikunja gari linapogongwa mbele, na huja moja kwa moja kifuani. Mihimili inayojikunja inauzwa. Na viti vya kabla ya 1969 mara nyingi havina kiegemeo cha kichwa. Ukigongwa kwa nyuma, shingo ndiyo inayoumia, hata kwa mwendo mdogo.

MATAIRI, SPRINGI NA USUKANI

Mipira ya bushi yenye umri wa miaka 50 imekauka na kupasuka. Ibadilishe yote, pamoja na shokapu, na jointi za usukani zilizolegea. Tairi nalo lina umri, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wanafunzi, Jumamosi ijayo soma tarakimu za matairi ya gari la nyumbani, uniletee.

PRESHA YA MAFUTA

Akina mama na akina baba wenye presha watanielewa hapa. Kabureta hutaka petroli kwa presha ndogo, karibu paundi 5 hadi 7 kwa kila inchi ya mraba. Injini ya LS hutaka karibu 58. Mtu akiunganisha pampu mpya kwenye mabomba na mipira ya zamani, anafanya sawa na kupandisha presha ya mzee mara nane huku mishipa yake ni ile ile. Kitakachopasuka kitapasuka, tena karibu na eksozi yenye moto.

Kwa hiyo weka tangi jipya lenye pampu ndani yake na kuta za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja kwenye kona, mabomba mapya, na mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya presha hiyo. Pitisha mabomba mbali na eksozi na mbali na sehemu zinazozunguka. Weka pia swichi ya kuikata pampu gari linapogongwa.

SASA INJINI NA GIA BOKSI

Sasa tunaweza kuitundika injini kwenye winchi. Bloku ya LS ina matundu manne ya kufungia maunti kila upande, wakati injini za Chevrolet za zamani zilikuwa na matatu. Kuna mabamba ya chuma ya kuunganisha ya kale na ya sasa, kwa hiyo hakuna haja ya kuchomelea kwa kubahatisha. Sampu ya oili ya injini ya lori ni ndefu kwenda chini na hugonga mhimili wa mbele au hukaribia lami. Zipo sampu fupi zilizoundwa kwa ajili ya magari haya. Mafundi wenye busara huiweka injini, huitoa na huirudisha mara kadhaa, wakipima nafasi ya usukani, eksozi na boneti, kabla hawajakaza hata bolti moja kwa mara ya mwisho.

Gia boksi ya wakati ule mwisho wake ni gia ya moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Za sasa zina gia ya juu ya kupumzishia injini. Tufanye hesabu. Difu ya 3.73 ina maana propela huzunguka mara 3.73 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa tairi la kipenyo cha inchi 26, ukienda maili 65 kwa saa bila gia hiyo, injini inazunguka karibu mara 3,100 kwa dakika. Kwa gia ya juu ya 0.70, kama ile ya gia boksi ya otomatiki ya malori yaliyotoa injini hizi, inazunguka karibu mara 2,200. Mwendo ni ule ule, kelele na mafuta vimepungua.

Gia boksi ikibadilika, urefu wa propela hubadilika. Propela mpya ikatwe na kusawazishwa na mtaalamu mwenye mashine. Isiposawazishwa hutetemesha gari zima. Difu nayo iangaliwe. Ile nyepesi iliyotoka na gari la familia huenda isistahimili nguvu mara mbili. Na spidomita ya zamani huzungushwa na kebo, wakati gia boksi mpya hutoa ishara ya umeme, hivyo utahitaji kifaa cha kutafsiri kati ya hizo mbili. Hata magari yana wakalimani.

MAJI NA UMEME

Rejeta ya gari la familia la 1970 haikuundwa kwa injini hii. Weka ya alumini iliyo pana zaidi, yenye feni za umeme na ubao wa kuelekeza upepo. Feni hizo, pampu ya mafuta na kompyuta vyote vinataka umeme, kwa hiyo weka alteneta yenye nguvu na nyaya nene za betri, kila mkondo na fyuzi yake.

Hitilafu nyingi za ajabu za magari haya, kama taa kucheza, injini kukohoa au kompyuta kulalamika bila sababu, hutokana na waya wa athi uliofungwa juu ya rangi au kutu. Kwangua mpaka chuma cheupe, funga waya, kisha paka grisi. Kazi ya dakika kumi inaokoa wiki mbili za kukuna kichwa.

USALAMA NDANI YA GEREJI

Mambo manne haya yabandikwe ukutani.

Kwanza, usiwashe injini mlango umefungwa, hata kama nje kuna theluji. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hushika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, husinzia, basi.

Pili, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma kwenye sakafu ngumu. Matofali si stendi. Hupasuka bila kuaga.

Tatu, usipulize vumbi la breki za zamani kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Breki za miaka ile mara nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitie kwenye mfuko na uufunge.

Nne, siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si kwenye kabati.

KARATASI

Kila jimbo lina sheria zake za moshi na ukaguzi. California, kwa mfano, imeyasamehe magari ya mwaka 1975 kurudi nyuma upimaji wa moshi wa kawaida. Kwingine mambo ni tofauti. Uliza ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla hujanunua injini. Bima ya kawaida ikilipa hulihesabu gari hili kuwa mkweche. Tafuta bima ya thamani mliyokubaliana mapema kwa maandishi, na uhifadhi kila risiti na picha za kila hatua.

KILICHOBAKI NYUMBANI

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari linalopita kwa mlio mzuri limebeba mamia ya jioni ambazo hakuna aliyeziona, na nyingi zilitumika kwenye vitu visivyotoa mlio wowote: mabomba, bolti, mikanda, waya wa athi. Kijana, ukiwa na pesa za kununua kimoja tu mwaka huu, nunua breki. Injini itakusubiri.

Na wazazi, kazi ya namna hii ni darasa la Kiswahili lisilo na daftari. Mwanetu alijifunza kukaza, kulegeza, kubana, kunyoosha bati na kuchomelea kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu baba yake na baba yake mdogo hawakuwa na lugha nyingine ya gereji. Si lazima mnunue Chevelle. Kubadilisha oili ya gari la familia kunatosha kuanzia.

MANENO YA WIKI

Kunyoosha bodi: kurudisha bati lililobonyea katika umbo lake.
Difu: mashine ya nyuma inayogawa mzunguko wa propela kwa magurudumu mawili.
Puti: uji mgumu wa kuziba mabonde ya bati kabla ya kupaka rangi.
Kufumua injini: kuifungua yote kipande kwa kipande ili kuitengeneza.
Gari la spana mkononi: gari linaloharibika kila mara, mwenyewe haachi spana.
Mkweche: gari lililochoka.

KAZI YA NYUMBANI

Fungua boneti ya gari la nyumbani ukiwa na mzazi au mlezi. Taja vitu sita kwa Kiswahili na ueleze kwa sentensi moja kila kimoja kinafanya kazi gani. Kisha muulize mzazi wako: gari la kwanza alilopanda utotoni lilikuwa gani, na lilipoharibika nani alilitengeneza? Majibu tutayasoma darasani Jumamosi.